Kusimama na Mkimbizi

Jumapili, 4 Mei

Picha za wakimbizi zimefika kutoka Dodoma zikiwa zimeviringishiwa mablanketi kama vioo vya kabati. Ni kubwa, nyeusi na nyeupe, kila moja ndani ya fremu ya mbao nzuri kuliko mlango wa studio yangu. Aliyezipiga ni mtu wa Dar aliyekaa kambini Nyarugusu, na kazi anaijua. Mimi niliyejifunza kwa kuharibu filamu za watu nasema hivyo bila wivu mkubwa. Kamati ya Msaada kwa Wakimbizi ya usharika wetu imezipata bure. Mpango ni zitundikwe uani baada ya ibada, waumini wanunue, fedha ziende kambini, maana huko posho ya chakula imekatwa mpaka watu wanakula mlo mmoja.

Mwenyekiti wa kamati ni Mama Severina, mwalimu mkuu mstaafu. Alinifundisha darasa la tano na bado ananiita "wewe Peniel" hata mbele ya wateja. Ameniambia nikae karibu na picha kama mtaalamu. Nimekaa kama mtaalamu.

Watu wamezipita wakiwa wamevua kofia. Mzee mmoja akaniinamia sikioni.

"Hawa wote wamekufa lini?"

"Hawajafa, mzee. Wako Kigoma."

"Sasa mbona wametiwa kwenye fremu bila rangi?"

Haikuuzwa hata moja. Mama Severina anasema watu wa Singida hatuna utamaduni wa sanaa. Mimi naona tunao, ila uko ukutani kwetu na nafasi zake zimejaa. Pale anakaa marehemu baba, inakaa harusi, anakaa mtoto na joho la chekechea, inakaa kalenda ya benki. Mgeni tunampa chakula, tunampa kitanda. Ukuta hatumpi.

Jumatatu, 5 Mei

Upepo umeanza. Bango la studio limeng'oka.

Jumatano, 7 Mei

Mauzo ya kwanza. Mzee Mughwai, mwenye mashine ya kusaga hapa jirani Utemini, ameingia studio akaishika picha ya mama aliyebeba kuni, akaigeuza, akaigonga kwa kidole. Mama Severina alikuwapo.

"Umeguswa, mzee wangu?"

"Nimeguswa, mwalimu. Hii mbao ni mninga?"

"Ni mninga."

"Na huyu mama wa ndani, anatoka?"

Amelipa bila kubisha bei, akachomoa kwenye koti picha ya marehemu baba yake. Nimemtoa mama wa kuni, nikamwingiza marehemu. Mama Severina alitazama barabarani muda wote, kama mtu aliyefunga anayepita mbele ya mishikaki.

Jumapili, 11 Mei

Mauzo ya Ihanja. Fremu zimekwenda vizuri. Wakimbizi wamebaki wote.

Nimewapanga kwenye bahasha kubwa, nikawaweka chini ya kitanda wasikunjwe. Loyce, mke wangu, amechungulia akasema, "Hata kwetu mmewapa uvunguni."

Jumanne, 13 Mei

Leo nimemwona mkimbizi mwenyewe, na ana rangi.

Anaitwa Elina. Ni mtu wa Fizi, Kongo, na yuko Nyarugusu tangu msichana. Amepewa kibali cha kutoka kambini amlete binti yake kwenye hospitali moja ya misheni huku kwetu. Binti anaitwa Sifa, ana miaka tisa. Mguu wa kushoto, chini ya goti, una kidonda kisichofunga. Mfupa unaoza kwa ndani. Daktari amesema afunguliwe, mfupa usafishwe, na iwe mapema kabla ubaya haujapanda juu. Mradi uliokuwa ulipie umefungwa wakiwa njiani. Wameshuka kwenye basi, simu ya mfadhili haipatikani. Hospitali haiwezi kuanza bila malipo ya awali, na kibali kinaisha mwisho wa Julai.

Mama Severina amewakuta kwenye benchi la hospitali akawachukua. Amewapa chumba cha uani, anawapikia, anamsafisha mtoto kidonda kwa mikono yake. Naliandika hilo mapema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu najijua, siku zijazo nitalisahau.

Wamekuja studio wote watatu. Mama Severina alitaka ushauri juu ya zile picha. Nikamwambia anavyojua kila mpiga picha wa harusi. Tunapiga watu wote, tunachapa palepale, tunatandaza picha kwenye kanga chini. Kila mtu anazipita zote mpaka ajione, ndipo anatoa hela. Sijapata kuona mtu akinunua sura ya jirani yake.

"Kwa hiyo, wewe Peniel?"

"Kwa hiyo wauzieni sura zao."

Nilikuwa natania, nusu. Mama Severina akamtazama Elina kuanzia kilemba mpaka ndala, kama fundi anayepima kitambaa kwa macho.

"Wakiwa wamesimama na mkimbizi," akasema.

Jumapili, 18 Mei

Foleni imetoka mlango wa kanisa mpaka kwenye matanki ya maji.

Gerald, mhazini, mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, ameleta mfuko wa sembe ili mnunuzi aonekane anakabidhi. Mnunuzi anashika upande mmoja, Elina upande wa pili, wote wananitazama mimi. Nikishapiga, mfuko unarudi chini, anakuja mwingine. Ukizifuata picha, Elina leo amepokea unga wa kulisha tarafa nzima. Baada ya mnunuzi wa mwisho Gerald aliupakia kwenye gari. "Huu ni wa maonyesho," akasema.

Mashine ya kuchapa ilipata moto nikaipepea kwa kitabu cha nyimbo.

Nimefurahi, siwezi kusema uongo kwenye daftari langu. Sijawahi kuona wazo langu likipangiwa foleni.

Alhamisi, 22 Mei

Alizeti zinavunwa kila upande, watu wana hela mkononi. Mitaa mitatu imeomba "ile ya kusimama na mkimbizi".

Jumapili, 25 Mei

Jamaa mmoja amerudisha picha.

"Nimetoa pesa yangu, huyu anacheka. Anamcheka nani?"

"Anakushukuru, kaka."

"Kushukuru gani huko kwa meno yote?"

Mkewe akaongezea kutoka nyuma yake, "Na kitenge chake kimepita changu. Atakayeiona atajuaje nani anasaidiwa?"

Mama Severina amemwomba Elina, kwa upole kabisa, avae kitu cha kawaida na apunguze kucheka. Elina akasema kitenge hicho ndicho pekee alichonacho. Basi akaletewa kanga kuukuu ya Mama Severina. Mkimbizi alikuja kwetu nadhifu, sisi tumemfubaza.

Tulipokuwa tunafunga vitu akaniuliza, "Papa Peniel, huzuni inakaa wapi kwenye picha? Machoni au mdomoni?"

"Machoni."

"Basi mdomo nitaupumzisha."

Jumatano, 28 Mei

Nimekwenda kwa Mama Severina. Shikamoo, marahaba, chai. Nikauliza kama malipo ya hospitali yamefika.

"Yamefika na kuzidi, Mungu ni mwema."

"Basi kesho Sifa aende."

Akaweka kikombe chini taratibu, kama zamani alivyokuwa anaweka chaki. "Peniel, fedha ya watu haichotwi hivi hivi. Itakabidhiwa kwa mgeni rasmi hadharani, naye ndiye ataigawa. Sifa atakuwa wa kwanza. Ataitwa jukwaani kwa jina lake."

Mgeni rasmi ni mheshimiwa mmoja ambaye sina haja ya kumwandika jina, ameshalitundika kwenye kila nguzo ya umeme. Siku ni tarehe 14 Juni.

Nilitaka kubisha, nikakosa pa kushika. Sisi ndivyo tulivyo. Shule ya mtaa wangu ina vyoo vipya vimekaa na kufuli tangu mwaka jana, watoto wanakimbilia vichakani, vyoo vinangoja kukatiwa utepe. Hakuna mzazi aliyevunja kufuli. Mimi pia ni mzazi pale.

Na tarehe 14 si mbali.

Jumapili, 1 Juni

Elina amesimama tangu ibada ya kwanza. Nimempa kiti, wanunuzi wamekikataa. Kwenye kiti anaonekana bosi.

Jumamosi, 14 Juni

Turubai, viti vyenye mashuka, kwaya mbili, mbuzi wawili. Sifa kashonewa gauni la njano, kakalishwa mstari wa mbele, mguu umefunikwa kanga. Upepo ulikuwa unaifunua na Elina anaifunika, unafunua anafunika. Harufu ilianza jua lilipopanda. Kwaya ya akina mama ikasogeza viti vyake kidogo, huku ikiimba juu ya upendo.

Saa saba simu ikaita. Mheshimiwa ana udhuru, anawasalimu sana. Tarehe mpya ni 5 Julai.

Gerald akasema mbuzi hawezi kuahirishwa. Tumekula.

Jumatatu, 16 Juni

Baridi ya kukata masikio. Bango nimelifunga kwa waya.

Jumapili, 22 Juni

Sekenke, kwa wachimbaji. Gerald ameendesha, mimi na mashine yangu nyuma, Elina na mfuko wa sembe katikati. Sifa amebaki, siku hizi hawezi gari.

Wachimbaji wananunua kwa haraka na hawachani nywele. Mmoja, Enock, uso umejaa vumbi la mwamba, alipofika mbele ya kamera akaukataa mfuko.

"Huu unga umeiona nchi nzima. Dada, shida yako ni nini hasa?"

Elina akamtazama Gerald kwanza, kisha akasema. Mguu wa mtoto, hospitali, malipo. Enock akaingiza mkono kwenye buti, akatoa noti zilizokunjwa, akamwekea kiganjani. Akaondoka bila picha. Katika msimu huu wote ndiye pekee aliyetoa bila kutaka kujiona.

Gerald akamfuata Elina nyuma ya gari. Sauti ilikuwa ya kistaarabu. "Dada Elina, leta niandikie risiti. Kila kinachopatikana kwenye kazi ya kamati ni cha kamati. Tukianza kupokea mkononi tutagombana."

Elina akazitoa. Risiti aliandikiwa Enock, ambaye alikuwa ameshashuka shimoni.

Njiani Gerald alizungumza juu ya uwazi na uwajibikaji mpaka tulipofika lami. Namjua Gerald tangu hana kiwanda. Haibi. Ningekuwa na amani zaidi kama angekuwa mwizi, maana na mwizi mnaweza kuelewana.

Jumamosi, 5 Julai

Hakuja. Yuko kwenye kura za maoni za chama chake. Safari hii mbuzi alikuwa mmoja.

Jumanne, 8 Julai

Leo nimewapeleka hospitali mwenyewe, kwa bajaji, Sifa akiwa ameegemezwa katikati yetu. Joto lake lilikuwa linapita kwenye koti langu. Nilimsimulia habari za bibi harusi mmoja aliyepigwa picha zote akiwa amefumba macho, tukamchoma pini aamke. Ameuliza, "Aliamka?" Nikasema aliamka, akampiga kofi bwana harusi, na picha hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Amecheka mpaka bajaji ikapita kwenye shimo.

Daktari ni kijana, amechoka. Alibonyeza juu ya kidonda, akapanda, akabonyeza karibu na goti. Hapo Sifa akalia. Daktari akatuita nje, mimi na Elina.

"Mlipokuja Mei nilikuwa nazungumzia kusafisha mfupa. Leo bado naweza kusafisha. Mwezi ujao sitazungumzia kusafisha."

Elina akauliza, "Utazungumza nini?"

Alimtazama mtoto kupitia mlangoni, kisha akatazama ukuta.

"Mtuanzie, fedha zipo," nikasema. "Zipo benki. Zinangoja mgeni."

"Mgeni gani?"

Nikamweleza. Amesikiliza mpaka mwisho, daktari wa watu, akaniuliza kama mgeni huyo ndiye atakayemshika mtoto mguu yeye akikata. Kisha akaomba radhi. Akasema kwa sheria za hospitali anaweza kushusha malipo ya awali mpaka nusu, akisaini yeye. Chini ya hapo mikono yake imefungwa.

Nusu. Jumapili moja nzuri ya mauzo inaleta zaidi ya nusu.

Jumapili, 13 Julai

Gerald yuko Dodoma na mafuta yake. Mauzo ya leo nimeyashika mimi.

Tulikuwa mnadani. Nimepiga kila aliyepita, waliolewa pombe na wazima, hata dalali wa ng'ombe na ng'ombe wake. Nikachapa mpaka wino ukaanza kufifia na watu wa mwisho wakatoka bluu. Sikupeleka kitu kwa kamati. Nimemwambia Elina afunge nguo za Sifa, kesho asubuhi nakuja na bajaji, mtoto anapokelewa.

Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Aksanti, Papa Peniel. Aksanti."

Leo wala sikuona upepo.

Jumatatu, 14 Julai

Nilipofika na bajaji, nimemkuta Mama Severina mlangoni amevaa kitenge cha vikao.

Nimekosea kitu kimoja tu: sikumwambia Elina anyamaze. Alidhani kamati ndiyo iliyozitoa fedha. Alichofanya ni kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Alfajiri alikwenda kupiga magoti jikoni kwa Mama Severina kumshukuru.

Kikao kikaitwa palepale sebuleni, Gerald akiwa kwenye simu ya spika kutoka Dodoma. Sifa alikuwa ndani ya bajaji uani, dereva anamchezea miziki.

"Peniel," sauti ya Gerald ikasema, "sitatumia neno wizi."

"Litumie tu, kaka, limefika."

"Unaona anavyojibu? Mama, unamsikia?"

Mama Severina hakupaza sauti. "Wewe Peniel. Unadhani mimi sina macho? Ni nani anayekisafisha kile kidonda kila asubuhi?"

"Ni wewe, mwalimu."

"Basi usinifundishe huruma. Lakini leo ukichota kwa ajili ya Sifa, kesho atakuja mwingine na figo, na mwingine na ada. Watu wametoa hela wakijua itakabidhiwa. Nitawaambia nini? Kwamba Peniel aliona ni vyema?"

"Waambie mtoto ametibiwa."

"Hawakumwona akitibiwa!" Hapo ndipo sauti ilipopanda. "Mheshimiwa ametuhakikishia tarehe 9 Agosti. Ameniambia kwa mdomo wake. Na barua ya kuongeza kibali atatusainia yeye mwenyewe. Tukimwita tumpe mfuko uliotoboka, tutamwita tena lini?"

"Mwalimu, daktari amesema mwezi ujao—"

"Madaktari husema hivyo ili watu walipe," ikasema simu.

Nikamgeukia Elina. Nilitaka aseme kitu, yeye ni mama. Alikuwa amesimama karibu na kabati la vyombo, mikono mbele, mdomo umetulia, macho tu. Alisimama vile vile anavyosimama kwenye picha zangu, nikagundua kwamba sisi ndio tuliomfundisha kusimama hivyo mbele ya watu wenye kitu cha kutoa.

"Mimi nakaa kwenye nyumba ya mama," akasema. "Nitasema nini?"

Nimeziweka fedha mezani. Mama Severina amezihesabu mara mbili, akanipa risiti, akasema kamati imeamua kutonifikisha popote, kwa heshima ya marehemu mama yangu. Kisha akaenda uani, akamtoa Sifa kwenye bajaji kwa mikono yake, akambeba mgongoni kama mjukuu, akamrudisha ndani.

Jumatano, 16 Julai

Kamera yangu kuna mtu Manyoni ameitaka tangu mwaka jana, bei anaitoa taslimu. Ingetosha malipo yale ya nusu. Naandika hapa kwa sababu kikaoni hakuna aliyeniuliza, wala Elina hakuniuliza. Nimeitoa kwenye begi, nimeifuta lenzi, nimefikiria ada, kodi ya studio na kipaimara cha Agosti chenye watoto wengi. Nimeirudisha kwenye begi.

Gerald angeniuliza leo kuhusu huruma, tungeongea kama marafiki.

Jumapili, 20 Julai

Nimekataa kupiga. Wamemtumia kijana wa Mandewa mwenye simu kubwa. Picha zimetoka safi.

Jumapili, 27 Julai

Sifa hali chakula. Mama Severina ameshinda kitandani kwake akimpa uji kwa kijiko. Barua ya kibali haijasainiwa, mheshimiwa yuko vijijini, mtandao haushiki.

Ijumaa, 1 Agosti

Wamechukuliwa.

Kibali kiliisha jana. Asubuhi hii Elina aliamua kwenda hospitali kwa miguu, Sifa mgongoni, akakae kwenye lile benchi mpaka mtu aone aibu. Hakufika kwenye mzunguko. Ofisa wa uhamiaji aliyekuwa kazini alimtambua barabarani kwa mbali.

Nilimkuta ofisini, kijana mstaarabu, alinipa kiti. "Mzee, si kwamba tulikuwa tunamtafuta. Lakini huyu mama mji mzima tunamjua sura. Mimi mwenyewe ninaye sebuleni." Akafungua simu kunionyesha. Kweli, yeye na mkewe na mfuko wa sembe, kazi yangu ya Mei. Nuru nzuri, kivuli kimekaa panapotakiwa. "Ningemwachaje apite? Kila mtu angejua nimemwona."

Wamewapakia kwenye gari la kurudisha watu Kigoma. Mama Severina alikuja anakimbia, kiatu kimoja mkononi, analia, anawaambia wangoje mpaka tarehe tisa. Tarehe tisa, wanangu, tarehe tisa tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mheshimiwa amekuja.

Amekabidhiwa, amekabidhi, hotuba imekuwa ndefu. Hundi kubwa ya mfano, ya boksi, ilipeperushwa na upepo, vijana wakaikimbiza mpaka barabarani. Halafu akataka kupiga picha na mkimbizi, maana ameona kila mtu anayo. Kamati ikatazamana. Gerald akamnong'oneza Scholastika wa kwaya, akavuliwa joho, akafungwa ile kanga kuukuu, akapewa mfuko. Alisimama vizuri kuliko Elina. Yeye ana mume na kiwanja, huzuni haimpi shida.

Jioni Scholastika amekuja studio kuninong'oneza kama kuna namna ya kuufuta ule mfuko kwenye picha. Mama mkwe wake asije akadhani anapewa msaada.

Jumamosi, 16 Agosti

Fedha zote, bila senti kupungua, zimenunuliwa mablanketi ya kambini. Yameandikwa jina la mheshimiwa kwenye pindo.

Jumatano, 27 Agosti

Elina amepiga, kwa simu ya kuazima. Kiswahili chake cha Fizi kimerudi chote.

"Bamemukata mguu, Papa Peniel. Juu ya goti."

Nikauliza anaendeleaje, swali la kijinga ambalo sote tunaliuliza. Akasema Sifa amelala, baridi ni kali, wamepewa blanketi jipya, amemfunika nalo.

Nimefunga studio nikaenda kumwambia Mama Severina. Aliketi chini sakafuni, yeye ambaye sijapata kumwona akiketi kwenye mkeka. Amelia kilio cha msibani, majirani wameingia. Nimemshika bega. Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu njiani, nikayakosa yote, maana yule aliyekuwa analia alikuwa analia kweli.

Baadaye akanawa uso, akamimina chai, akasema, "Mheshimiwa amekubali kuwa mlezi wa kamati. Mwakani tunaanza mapema, alizeti zikiwa bado shambani. Peniel, mwombe Elina atutumie picha ya mtoto. Ya sasa. Akiwa na magongo. Watu wakimwona vile hawatauliza mambo ya kitenge."

"Mwalimu."

"Mwombe tu. Ni kwa ajili yao."

Nimempigia mbele yake, nikiwa na aibu ya mtu anayetumwa. Nimemweleza Elina maneno kama nilivyopewa.

"Mwambie mama picha iko," akasema. "Lakini haiwezi kutoka mpaka apatikane mgeni rasmi."

Akakata.

Nimemfikishia Mama Severina neno kwa neno. Ameitikia kwa kichwa, amevaa miwani, amechukua simu yake mezani.

"Ni haki yao," akasema. "Hakutaja jina la mgeni? Nimtafute leo leo."